Kuku wa Mtani

Otilia Gama hakuwa mtu wa kutulia. Hata pale kwenye chumba cha vipimo cha Bodi ya Madaraja, ile inayopanga umri wa michezo, Dodoma, ambako wageni hupewa viti laini na kuombwa wasitembeetembee, yeye alikuwa ameshazunguka chumba chote, akigusa kuta, akiinama kuangalia nyaya, akiwaamuru nzi wake kwa kidole. Nzi walikuwa watatu, kamera zenye mabawa, kila moja haizidi punje ya hindi. Wawili, Kulwa na Doto, walikuwa watiifu. Wa tatu alimwita Mkaidi, kwa sababu ukimwambia alale yeye huenda kutua juu ya taa akaendelea kupiga picha. Fundi alishasema huyo haponi, anunuliwe mwingine. Otilia hakununua. Mtu anayetengeneza filamu peke yake, kuanzia swali la kwanza mpaka jina la mwisho kwenye skrini, huzoea kuishi na vifaa vyake na tabia zao.

Mbele yake jopo la wapimwa lilikuwa limejilaza kwenye viti vya kuegemea, miwani ya mchezo machoni, pete ya kipimo kidoleni. Hakuna aliyeulizwa maoni, maana siku hizi maoni hayaulizwi. Pete husoma mapigo ya moyo, jasho, pumzi na machozi yanayokaribia, ikayapeleka kwenye Mizani, na Mizani hutoa namba: mchezo huu kuanzia miaka saba, ule kumi na tatu, ule ishirini na moja. Namba ikishatoka, vifaa vyote nchini hutii. Mtoto wa miaka sita akivaa miwani yenye mchezo wa miaka saba huona giza tu. Mchezo ulioshindikana kabisa hupewa Kufuli, na wenye Kufuli huzimika kila mahali kwa wakati mmoja, pamoja na kila kilichomo.

Mchezo uliokuwa ukipimwa uliitwa Lipa Nikupishe. Mshale wa Mizani ulipanda hadi kwenye nyekundu, ukashuka, ukapanda tena. Wapimwa walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Mama mmoja mnene alikuwa akijipiga mapaja kwa kicheko huku kamasi zikimtiririka, na hakujali kuzifuta.

"Unaona," akasema Bi Damari Chilongani, mkurugenzi wa vipimo, mwanamke wa suti ya kijivu na sauti ya chini. "Ndivyo inavyotufanyia tangu mwezi wa tatu. Mizani inajua hofu, inajua furaha. Vikija pamoja inachanganyikiwa."

Kwa sababu hiyo Bodi ingekaa Ijumaa ya wiki iliyofuata kusikiliza watu, jambo ambalo wajumbe wengine walikuwa hawajawahi kulifanya maishani. Walikuwa wamemwomba Otilia alete ushahidi, kwa kuwa sheria inaikubali filamu ya mkono mmoja: imetengenezwa na mtu mmoja, na mtu mmoja ndiye atakayeulizwa. Bi Damari alijua anachotaka. Alitaka mchezaji akiwa nyumbani kwake, mmoja wa wale waliokataa kumaliza mchezo kwa miezi. Mapigo ya moyo alikuwa nayo mpaka amechoka nayo, alisema, sasa anataka sura.

Otilia akauliza itakuwaje wakiona sura mbaya.

"Tutaweka Kufuli."

"Na sauti za marehemu waliomo ndani ya mchezo?"

"Watafutika wote saa hiyohiyo. Ndiyo maana ya Kufuli."

Otilia hakuona ubaya wowote. Mama yake alikuwa amefariki masika ya mwaka jana, na hakuhitaji kampuni ya kumfundisha kulia. Mtu aliyegeuza msiba kuwa mchezo alistahili kufuli, na mnyororo juu yake. Alishajua filamu yake itasema nini kabla hajapiga picha ya kwanza, jambo ambalo alikuwa akiwagombeza sana wanafunzi wake kila walipolifanya.

*

Treni ya kusini ilimshusha Iringa kabla ya chakula cha mchana. Abisai Kihwele, aliyeutengeneza mchezo huo, alikuwa na karakana ndani ya ghala la zamani la viazi, na ndani bado mlinuka viazi. Alikuwa mtu mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko. Aliposikia jina la Gama alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Mngoni," akasema. "Umekuja kwa amani, au tuanze kukimbizana pale babu zetu walipoishia?"

Otilia alikuwa amekuja na maswali makali yamepangwa kichwani, akajikuta anacheka. Akamjibu kwamba waliokimbia wanajulikana, na tena asijisumbue, kwani marehemu mama yake alikuwa Mhehe wa Kalenga. Uso wa Kihwele, naye Mhehe, ukabadilika. Akashusha mikono, akamvutia kiti, akampa pole kwa sauti nyingine kabisa.

"Basi wewe ni mtoto wetu," akasema. "Siwezi kukutania. Nitaonekana sina adabu."

Akaeleza huku anatembea, na Otilia naye akasimama akatembea, wawili hao wakizunguka meza moja kama wanaotafuta kitu kimoja kilichodondoka. Kihwele alisema yote yalianzia kwenye mazishi ya baba yake. Zamani Wangoni, watani wa Wahehe, wangekuja bila kualikwa. Wangevaa koti la marehemu, wakaiga kikohozi chake na deni lake la pombe ya ulanzi, wakalala kaburini wakaapa hazikwi mtu hapo mpaka kuku atoke. Wafiwa wangecheka na machozi yako mashavuni, wangebishana, mwishowe wangetoa kuku. Ndipo mtani angesema, "Haya, piteni," na mtu akazikwa. Siku ya baba yake alikuja mshereheshaji wa kukodi na spika mbili. Watani walikuwa wametawanyika mijini, wametuma rambirambi zilizotungwa na mashine.

Basi akatengeneza mtani. Unaupa mchezo sauti za marehemu wako, zile za simu, za harusini, za kugombana jikoni. Ukivaa miwani, mtani anatokea mbele ya kaburi, anasema kwa sauti ya marehemu na kutembea kwa mwendo wake, anakutukana, anakukumbusha aibu zako, na anakuzuia. Ukimlipa kuku anasema neno lake, kaburi linafukiwa, na sauti ile inafutika. Hakuna nakala wala kurudia.

Otilia akamuuliza kuhusu wasiolipa, maana hilo ndilo lililompeleka. Kihwele akajikuna shingo. Hapo alikosea, alikiri. Alidhani mtu atabishana alasiri moja halafu atachoka. Kumbe kuna watu wanabishana majira yote ya mwaka. Majina yao hayaoni, lakini maneno yao hupita kwenye mashine zake, na kulikuwa na mzee mmoja huko kusini aliyemchekesha na kumnyima raha kwa pamoja. Mara mzee anasema kuku ni mdogo, ataona aibu kumtoa mbele za watu. Mara kuku ameatamia, si vizuri kumsumbua.

"Juzi amesema kuku ana mafua," akasema Kihwele.

Otilia alicheka mpaka Kulwa akapoteza shabaha. Kisha akauliza kwa nini asiweke mwisho wa lazima, mchezo ukafunga wenyewe baada ya muda. Kihwele hakucheka tena.

"Mtani akiondoka bila kulipwa, huo ni msiba mwingine," akasema. "Bodi wakifunga Ijumaa, watu wote hao wataondokewa na watani ambao hawajalipwa. Mimi nikifilisika nitarudi kulima viazi. Yule mzee sijui atarudi wapi."

Otilia aliondoka na picha nzuri na hasira iliyopungua, na hilo la pili halikumpendeza hata kidogo.

*

Wachezaji waliokuwa wamekubali kurekodiwa walighairi mmoja baada ya mwingine. Wa Makambako alisema mkewe hajui. Wa Njombe alizima simu. Otilia alikuwa amebakiwa na siku chache na hana sura, akaona badala ya kuzungukazunguka stesheni aende akamwone baba yake Songea, pale Lizaboni, ambako hakuwa amefika tangu Krismasi. Hakupiga simu. Alitaka kumshtukiza.

Alifika asubuhi kumekucha vizuri. Lango lilikuwa wazi. Kabla hajabisha hodi, akasikia sauti ya mama yake kutoka uani.

"Erneus, hiyo suruali umeivaa tangu Jumapili. Hata katapila lako lilikuwa linaoshwa."

Alishika nguzo ya lango, akasikia baba yake akicheka, kile kicheko chake cha puani ambacho hakikusikika siku ya mazishi wala baada yake.

"Nimekwambia kuku ana mafua," akajibu baba. "Unataka nikulipe kuku mgonjwa, uende ukanitangaze?"

Mkaidi alikuwa ameshapita juu ya ukuta. Otilia akamfuata.

Mzee Erneus Gama, aliyeendesha katapila la barabara miaka thelathini na kustaafu bila kulipindua hata mara moja, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ua, miwani ya mchezo usoni, spika ndogo imewekwa dirishani. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Maharage yalikuwa yamekaukia shambani hayajang'olewa, na majani yalikuwa yameota mpaka kwenye ngazi ya jikoni. Otilia akamwamkia, na baba akaitikia marahaba bila kuvua miwani, kisha akatabasamu kwa haya, akaivua.

Lakini spika iliendelea. Mchezo ulikuwa umeisikia sauti ya Otilia.

"Na huyu naye kaja na nzi wake. Nyumba ina nzi wa kutosha, mwanangu."

Ndivyo hasa mama angesema.

"Baba, huyo siyo mama," akasema Otilia.

"Najua siyo mama yako. Ni mtani. Mama yako aliyekufa namjua, nilimvalisha soksi mwenyewe." Akaifuta miwani kwa pindo la shati. "Unakumbuka mazishi?"

Otilia aliyakumbuka vizuri mno, kwa kuwa hakurekodi. Ndugu wa Kalenga walikuja na basi zima wakakaa upande mmoja wa kaburi, wakalia: marehemu alikuwa dada yao. Wangoni wakakaa upande wa pili, nao wakalia: marehemu alikuwa mke wao, mahari waliyatoa. Kila upande ulijiona ndio uliofiwa, na kila upande ulisubiri ule mwingine uanze utani. Hakuna aliyeanza. Kaburi lilikuwa wazi, halijazuiwa na mtu, na jeneza likashushwa kwa ukimya ambao Otilia alidhani ni heshima.

"Walimpisha tu," akasema baba yake. "Mwanamke aliyenitania tangu siku ya kwanza, aliyeniambia Wangoni tulikimbia mpaka tukasahau viatu, akaingia ardhini hakuna hata mtu aliyemwiga anavyotembea. Nilitaka mtu anichekeshe, Otilia. Nilitaka mtu anikasirishe. Nikabaki nasalimiwa."

Otilia akamweleza habari ya Ijumaa, yote, kwa kuwa hakujua kumficha. Baba alisikiliza akiwa ameishika miwani kwa mikono miwili.

"Watamfuta?"

"Wote, baba."

"Bila kulipwa."

"Mlipe wewe basi. Kabla ya Ijumaa."

"Nikimlipa nabaki na nani?" akauliza mzee.

Siku hiyo Otilia hakukaa chini. Aliosha vyombo vilivyo safi. Aling'oa maharage, akang'oa na majani, akaenda mpaka langoni na kurudi bila sababu. Sura aliyoombwa alikuwa ameipata: mzee aliyekonda, suruali chafu, anabishana na spika. Picha moja tu ya hiyo, na Bodi ingeweka Kufuli kabla ya chai ya saa nne. Angeweza pia kuiacha, akaonyesha wapimwa na karakana ya viazi, na hakuna ambaye angejua. Lakini filamu ya mkono mmoja ikishaficha kitu haina tena haki ya kuitwa ushahidi, na tena baba alikuwa anaisha mbele ya macho yake, huku akicheka. Na lilikuwepo jambo la tatu lililomwaibisha kuliko yote. Alitaka sauti ile iendelee. Kila alipopita karibu na dirisha alipunguza mwendo, akitumaini kugombezwa.

Jioni jirani yao, Mama Haule, alikuja kuchungulia, akamnong'oneza Otilia kwamba mzee haendi tena kwenye sala za jumuiya, haendi dukani, na ukimletea uji anasema weka hapo. Watu wamechoka kubisha hodi. Otilia akamshukuru, akamsindikiza, akarudi akamkuta baba yake anaangua kicheko peke yake uani na uji umeshaganda juu.

Asubuhi iliyofuata aliwaamuru nzi walale, akaingia chumbani kwa wazazi wake. Kwenye sanduku la mama alitoa sweta ya bluu na kitenge cha kwaya, akafunga kilemba upande upande jinsi mama alivyokifunga siku zote, kana kwamba kuna mtu anamharakisha. Akatoka kwa mlango wa jikoni kwa mwendo wa mama, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya wa kulia. Hakupita uani. Alikwenda nyuma ya shamba la maharage, kwenye kaburi lenyewe, akajilaza kwa urefu mbele ya msalaba na kuita kwa nguvu.

"Erneus! Njoo hapa na hiyo suruali yako."

Mzee alikuja mbiombio, miwani bado mkononi. Alipomwona alisimama, na uso wake ukawa mgumu.

"Vua nguo za mama yako."

Otilia aliogopa. Hakuwahi kumwogopa baba yake tangu utotoni, ila pale alimwogopa. Lakini alishalala chini, na mtu aliyelala mbele ya kaburi hana pengine pa kwenda.

"Hapiti mtu hapa," akasema kwa sauti ya mama yake. "Mwanamume gani huyu? Alikuja kuniposa amekaa juu ya katapila linanguruma, hataki kulizima, anaogopa halitawaka tena. Nikasema ndiyo kwa sababu sikusikia swali."

"Otilia, nimesema vua."

"Baba yangu akauliza, huyo ni mchumba au ni mkandarasi?"

"Betri ilikuwa mpya," akasema mzee. Alisema kwa hasira, kisha akasikia alichokisema. "Si kweli hata kidogo. Betri ilikuwa mpya, nililiacha linawaka kwa sababu ya... kulikuwa na mteremko."

"Mteremko Kalenga!"

"Kidogo ulikuwepo!"

Na hapo kikamtoka, kicheko cha puani, akakaa chini kwenye udongo palepale alipokuwa. Alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu kicheko kikabadilika njiani, na mzee Erneus Gama akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kilichokaa ndani zaidi ya mwaka mzima kikikosa pa kutokea. Otilia alitaka kuamka amkumbatie. Hakuamka. Mtani haamki kabla ya kulipwa.

Mzee alipopumua, akamtazama chini ya kilemba kile.

"Na wewe nani kakupa ruhusa? Wewe si umefiwa?"

"Mimi ni Mngoni, mtoto wa Mngoni," akasema Otilia, "na aliyelala hapa ni Mhehe. Wenzangu walishindwa kuchagua upande. Mimi nimechagua. Kuku."

Kuku alikuwa mmoja tu, wa mama, jike jekundu lenye akili za kupita kiasi. Mzee alimkimbiza kuzunguka jiko, kuzunguka tangi la maji, akateleza kwenye maganda ya maharage, akainuka amepakaa udongo na bado anamfukuza, na Mama Haule alitokeza kichwa juu ya ukuta akauliza kama kuna mwizi. Alimkamata kwenye kona ya banda. Akaja naye kaburini ananing'inia kwa miguu, akamtoa kwa mikono miwili.

Otilia akampokea. Alikuwa na joto na moyo unamwenda mbio.

"Haya," akasema. "Piteni."

Wakakaa hapo kitambo, baba na binti na kuku. Kisha mzee akavaa miwani, bila kuambiwa. Kutoka dirishani sauti ya mama ilikuwa inaendelea kulalamikia suruali. Otilia hakuona alichokiona baba yake ndani ya miwani. Aliona tu mikono yake miwili ikinyooka mbele, mitupu, ikitoa kitu kwa adabu.

Spika ikanyamaza. Kisha mama akasema, "Mbona hana mafua hata kidogo?"

Baba akatabasamu.

"Haya, piteni," ikasema sauti, na hapo ikawa mwisho wake. Otilia alisubiri. Alijua hakuna kitakachofuata, na bado alisubiri, akajuta kwamba jana alipotaniwa habari ya nzi hakujibu. Alipoinua macho ili machozi yasimwagike, aliona kitu kidogo kinang'aa kwenye ukingo wa bati. Mkaidi hakuwa amelala.

*

Ijumaa aliwaonyesha yote. Hakukata kitu: uji ulioganda, suruali, maharage, yeye mwenyewe akisitasita karibu na dirisha, yeye mwenyewe amelala chini na sweta ya bluu. Baba yake alikuwa amempa ruhusa kwa sharti moja, kwamba sehemu ya mteremko isifutwe. Wajumbe wa Bodi walikuwa wamevaa pete za kipimo, ndiyo desturi, na mshale ukutani ulipanda na kushuka mpaka mtu mmoja akaomba uzimwe kwa kuwa unawasumbua.

Taa zilipowashwa, wajumbe walishughulika na leso. Bi Damari Chilongani akauliza swali ambalo sheria ilimtaka aulize.

"Kwa ushahidi wako, mchezo huu unafaa kuanzia umri gani?"

"Baba yangu ana miaka sabini na sita," akasema Otilia, "na alikuwa hajafikia umri."

"Alikuwa amepungukiwa na nini?"

"Mtu. Mchezo haukuwa mbaya. Ila ulikuwa naye, na hakuna mtu mwingine."

Mjumbe mmoja akasema hawana daraja la namna hiyo, madaraja yote ni ya miaka. Mwingine akasema basi liandikwe. Wakabishana, jambo ambalo Mizani ilikuwa imewasahaulisha, na walibishana vibaya, wakikatizana. Mwisho wakakubaliana kwamba Kufuli haliwekwi, na kwamba mchezo utafunguka tu mbele ya watu wawili, mfiwa na mwingine aliye tayari kukaa naye mpaka kuku atoke. Kila aliyekuwa hajalipa apewe nafasi ya kumtafuta mtu huyo. Otilia alimfikiria Kihwele na viazi vyake, akakusanya nzi wake akaelekea mlangoni, maana alikuwa amekaa kuliko alivyozoea.

Bi Damari alikuwa ameshafika mlangoni kabla yake. Alikuwa amevua pete ya kipimo. Alisimama katikati, mkono mmoja huku na mwingine kule, na suti yake ya kijivu.

"Marehemu alikuwa Mhehe wa wapi?"

"Wa Kalenga, mkurugenzi."

"Mimi ni Mgogo wa Mvumi."

Nyuma yao mtu akaguna, kisha mwingine akaanza kucheka taratibu. Wagogo nao ni watani wa Wahehe, na hilo Otilia alilijua tangu alipokuwa mtoto. Hakuna aliyelikumbuka siku ile ya mazishi, si Kalenga wala Songea.

"Mlimzika Mhehe mzima bila kutuita," akasema Bi Damari. "Hatoki mtu hapa."

"Songea hatukuwa na Mgogo karibu, dada."

"Mngepiga simu. Yuko wapi kuku wangu?"

Kuku yule mwekundu alikuwa Lizaboni, anataga, na mzee alikuwa amempa jina ambalo Otilia hawezi kulisema mbele ya Bodi. Akapapasa mifukoni. Hakuwa na kitu cha kutoa ila kazi yake. Akaita kwa kidole, na safari hii, sijui kwa nini, Mkaidi akatii, akaja kutua kiganjani. Otilia akamtoa kwa mikono miwili. Alikuwa analia na hakujificha, na alikuwa anacheka.

Bi Damari akamtazama yule nzi mdogo kwenye kiganja chake, bado taa yake inawaka, bado anapiga picha. Akamfunika kwa mkono wa pili ili asiruke. Kisha akasogea pembeni.

"Haya," akasema. "Piteni."